Kubadili Gari Tororo

Piii! Mlio ulitoka upande wa reli, mrefu, kisha ukakatika.

Tryphosa aliinua kichwa. "Gari hilo ni la Nakuru au la Uganda?"

"La Uganda, mama," alijibu Nabwire, binti yake, aliyekuwa akichambua maharagwe.

"Nilijua. La Nakuru hulia kama ng'ombe. Hili hulia kama mtu."

Tryphosa hakuuona moshi. Alikaa mlangoni na kitambaa chenye maji machoni. Kope zake zilikuwa zimegeuka ndani. Kila alipopepesa, zilimkwaruza jicho kama mchanga. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu, na doa jeupe limeanza katikati.

Hapa ni Sisibo. Ndivyo watu wengi walivyouita mji wa Eldoret siku za walowezi. Nabwire na mumewe, Kituyi, waliishi lokesheni, mtaa wa vibarua Waafrika, karibu na mto Sosiani. Kituyi alibeba magome ya miti ya miwati kwenye kiwanda cha dawa ya ngozi. Mikono yake ilikuwa na rangi ya magome, na sabuni haikuitoa.

Tryphosa alikuja kutafuta dawa, lakini hakulala nyumbani kwa Kituyi. Kwa mila za Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawakai pamoja. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Na mwanamume hagusi kamwe matandiko ya mama mkwe. Kwa hiyo Tryphosa alilala kwa jirani, Kavetsa, mwanamke wa Maragoli aliyeuza njugu sokoni.

Mhudumu wa zahanati alimtazama macho, akatikisa kichwa.

"Hapa sina la kufanya," alisema. "Kuna hospitali ya misheni ng'ambo, Uganda, kwenye reli ya Soroti. Daktari wa macho atafika huko wiki ijayo kwa siku moja tu, halafu ataondoka. Atageuza kope zitoke nje. Lakini jicho hili la kushoto halingoji. Msichelewe."

Kwenda huko, mtu hupanda gari moshi la Uganda hadi Tororo. Pale hushuka na kupanda gari jingine, la Soroti. Gari la Soroti hungoja kidogo tu.

Kavetsa aliijua njia hiyo. Alinunua njugu zake huko. Jioni, kabla ya safari, alimwendea Kituyi.

"Kituyi, mmefungaje mizigo? Pale Tororo nafasi ni ndogo. Ngoja nikwambie..."

Kituyi alicheka. "Kavetsa, mimi nimepakia magome kwenye mabehewa tangu nikiwa kijana. Leo wewe unifundishe kupanda?"

"Kupakia ni kupakia. Kusafiri ni kingine."

"Nenda ukakaange njugu, mama."

Kavetsa alifunga leso yake kwa nguvu. "Haya. Kichwa ni chako, lakini macho ni ya mgonjwa."

Asubuhi waliondoka. Kituyi alipeleka kila kitu kwenye behewa la mizigo: sanduku lake la bati, kikapu cha kuku, na furushi la matandiko ya Tryphosa. Aliandikisha mizigo hadi Tororo tu. Tikiti zote tatu alizitia mfukoni mwa koti lake. Yeye alipanda behewa la mbele. Wanawake, kwa sababu ya mila, walipanda la nyuma kabisa.

Njiani gari lilichelewa. Lilipofika Tororo, gari la Soroti lilikuwa tayari linapumua moshi upande wa pili.

Kituyi aliruka chini, akakimbilia mizigo. Nabwire alimshika mama yake mkono, akamwongoza polepole hadi gari la Soroti. Walipanda. Walikaa. Nabwire alimshukuru Mungu.

"Tikiti," alisema mkaguzi.

"Anazo mume wangu. Anakuja sasa hivi."

"Bila tikiti, shukeni."

"Mzee, tafadhali! Mama haoni!"

"Shukeni, mama."

Na Kituyi alikuwa wapi? Alikuwa amesimama kando ya reli. Mizigo ilikuwa imetupwa chini mbele yake. Sanduku lilikuwa begani. Kuku walikuwa mkononi. Lakini miguuni pake lilikuwa furushi la matandiko ya mama mkwe. Hakuweza kuligusa. Hakuweza pia kuliacha, kwa maana mgonjwa atalala wapi?

"Nabwire!" aliita. "Nabwire! Njoo ubebe hili!"

Nabwire hakusikia. Alikuwa akimshusha mama yake kwenye ngazi.

Mlio ukalia. Gari la Soroti likaondoka. Gari moshi halijui mila ya mtu. Wala halijui machozi.

Kituyi aliwaona wanawake wawili wamesimama peke yao pale ambapo gari lilikuwa. Tryphosa alikuwa amegeuza uso kuufuata mlio.

"Nabwire," aliuliza, "mbona liko mbali na sisi tuko hapa?"

Nabwire alimvuta kuelekea benchi la stesheni.

Gari jingine la Soroti lilikuwa keshokutwa. Walilala stesheni, kwenye baridi. Walipofika hospitalini, daktari alikuwa amekwenda. Muuguzi alisafisha macho, akatia dawa.

"Atarudi baada ya mavuno," alisema. "Mrudisheni wakati huo, kwa ajili ya jicho la kulia."

"Na la kushoto?" Nabwire aliuliza.

Muuguzi alikunja kitambaa.

Waliporudi Sisibo, jicho la kushoto lilikuwa jeupe lote, kama ganda la yai.

Siku hizo nyumba ya Kituyi ilikuwa kama nyumba ya matanga, na hakuna aliyekufa. Nabwire alipika, akala peke yake. Kituyi akitoka kazini aliketi nje mpaka giza. Tryphosa aliketi kwa Kavetsa, uso ukutani. Chakula alikirudisha.

"Niacheni," alisema. "Moja limekwenda. Lingine linamfuata mwenzake. Nipelekeni nyumbani nikafe ninapojua njia za shamba kwa miguu."

"Mama, mavuno yamekaribia. Tutarudi kwa daktari."

"Kwa gari lile? Mwambie mumeo mimi si magome. Sipakiwi tena."

Nabwire hakumwambia mumewe. Lakini kuta za lokesheni ni nyembamba, na Kituyi alikuwa nje. Alisikia kila neno. Aliuma kidole chake mpaka kikatoa damu.

Asubuhi alisimama mbele ya Kavetsa, kofia mkononi.

"Jirani, nilikucheka."

"Ulinicheka."

"Nifundishe."

Kavetsa angeweza kumtukana, na alitamani. Akavuta kigoda. "Kaa. Nabwire, nawe njoo. Na mama asikie kutoka ndani."

Akaanza.

"Kosa la kwanza. Tikiti zote mfukoni mwa mtu mmoja. Mkitengana, wawili wamepotea. Kila mtu ashike tikiti yake mwenyewe. Mama tutamfungia yake kwenye pindo la leso."

"Ndiyo," alisema Kituyi.

"Tena mlibeba nyumba nzima. Kuku wa nini hospitalini?"

"Ni aibu kwenda mikono mitupu," alisema Nabwire.

"Na kuchelewa je, si aibu? Chukueni kidogo. Dawa, chakula cha njiani, nguo moja ya kubadili, hivyo vikae kwenye mfuko mdogo, mkononi. Usitie dawa kwenye behewa la mizigo. Mzigo mkubwa, kama lazima uwepo, uandikishe hapa Sisibo mpaka stesheni ya mwisho. Usiuandikishe mpaka Tororo. Ukiandika Tororo, wataushusha Tororo, na utabaki nao. Ukiandika mwisho wa safari, wao wenyewe watauhamisha. Mzigo ukikosa gari lenu, utakuja na jingine. Uandikwe jina, na ufungwe kitambaa chekundu uujue kutoka mbali."

Kituyi aliinamisha kichwa. "Na matandiko?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Siwezi kuyagusa, Kavetsa. Hata sasa siwezi."

Kavetsa aliingia ndani, akarudi na gunia lake la njugu, tupu.

"Mama Tryphosa!" aliita. "Matandiko yako yakiwa ndani ya gunia langu, na mdomo nimeushona mimi, mkweo akibeba anabeba nini?"

Sauti ikatoka ndani, ya kwanza bila hasira tangu warudi.

"Gunia la Kavetsa ni la Kavetsa. Akibeba, amembebea jirani."

"Umesikia, Kituyi? Basi. Na jambo la mwisho. Msiende na gari la siku ya daktari. Nendeni na lile la kabla yake. Mkikosa gari Tororo, bado mna jingine. Na kabla ya kufika, muulize gadi, msimamizi wa gari: gari la Soroti limesimama upande gani? Usisubiri kushuka ndipo uulize."

Kisha, kwa kuwa Nabwire hakujua kusoma na alitaka kukumbuka, Kavetsa alimwimbia wimbo wa wauza njugu:

*Mzigo usio jina, ni mtoto wa porini,*
*Hata ukilia sana, utabaki stesheni,*
*Cha thamani ukiona, kifunge kwako mwilini,*
*Gari moshi likiguna, halimngoji fulani.*

Baada ya mavuno walisafiri tena. Tryphosa alikubali kwa shida. Alishika tikiti yake ndani ya pindo la leso njia nzima, kama mtu aliyeshika kifaranga. Wanawake walikaa behewa moja, Kituyi behewa lililofuata, si mbali tena. Gunia la Kavetsa alikaa nalo mwenyewe. Sanduku lake la bati, lenye koti lake la harusi, aliliandikisha mpaka mwisho wa safari.

Gari lilichelewa tena. Kituyi alimwuliza gadi mapema.

"La Soroti liko kushoto," alisema gadi. "Kimbieni."

Waliposhuka, Kituyi alilitazama behewa la mizigo. Mlango wake ulikuwa bado umefungwa. Sanduku lake lilikuwa mle ndani. Koti la harusi!

Miguu yake ilisita. Kisha akawaona Nabwire na Tryphosa wakivuka, mmoja akiongoza, mwingine akipapasa hewa kwa mkono.

Akaliacha sanduku. Akatupia gunia begani, akawafuata.

"Tikiti," alisema mkaguzi.

Tryphosa alinyoosha pindo la leso. Nabwire akanyoosha yake. Kituyi, kwenye mlango wa pili, akanyoosha yake. Mlio ukalia wakiwa ndani.

Daktari aligeuza kope za jicho la kulia. La kushoto alilitazama, akasema, "Hili lilihitaji kufika mapema." Nabwire alitoka nje, akalia nyuma ya jiko la hospitali.

Sanduku lilifika na gari lililofuata. Kitambaa chekundu kilikuwa bado kimefungwa. Kituyi alipoitwa kulichukua, hakufurahi. Alilibeba tu.

Siku ya kufunguliwa bandeji, Tryphosa aliketi kwenye veranda. Alimwona binti yake. Aligusa shavu lake.

"Umekonda," alisema.

Kisha akaona, mbali, karibu na ua, mgongo wa mwanamume aliyesimama akitazama upande mwingine, kama mila inavyotaka. Gunia la njugu lilikuwa miguuni pake.

"Nabwire, mwambie mumeo," alisema Tryphosa, "kwamba ninaona nusu ya dunia. Nusu nyingine ilibaki Tororo."

Daktari alikuwa ameagiza mama arudi tena baada ya mvua, jicho litazamwe. Safari ile ile. Tororo ile ile.

Kituyi hakugeuka. Mwanamume hasemi na mama mkwe wake moja kwa moja. Lakini alisema, na sauti yake ilifika verandani na kwa wagonjwa wote waliokaa pale.

"Mama, nimekusikia. Baada ya mvua nitakuleta tena. Tikiti yako itakuwa mkononi mwako. Mzigo ukibaki, na ubaki. Wewe hutabaki."