Dorcus Alifuta Picha "Chafu" za Anti

Nilifungua hard disk ya Anti Priscah pale sitting room kwake, nikapata watu wote kwa picha wamepotea.

Milima iko. Theluji iko. Watu... hakuna.

Jameni, hizi ni picha za maisha yake yote. Huyu dadake baba amepanda milima ya Nepal, Peru, Alaska, kamera shingoni, tangu sijazaliwa. Sasa amerudi nyumbani hapa Kapsoit, na watu wanasema ati hiyo miaka yote alikuwa anaosha wazee huko ng'ambo.

Jumamosi ndiyo alikuwa awaonyeshe kwa hall ya kanisa. Na copy ni hiyo moja tu.

Nikaita cousin yangu Dorcus, mtu wa kwaya.

"Umeguza hii kitu?"

"Anti alinituma."

"Akutume ufute picha?"

Akacheza voice note. Ni Anti kabisa:

"Dorcus, niko Kaplong kwa daktari wa macho. Futa picha za hapo sitting room, ni chafu sana, na pastor anakuja."

Nikaangalia ukuta. Picha za fremu zote nyeusi, vumbi na moshi wa jikoni.

"Dorcus, alimaanisha hizo. Vumbi."

"Alisema chafu."

Guys, huku kwetu vumbi tunapanguza. Kufuta ni ya simu. Lakini Anti amekaa nje sana, Kiswahili chake bado ni kile cha kitabu cha shule.

"Sasa uchafu uliona wapi?"

"Mathew, kila picha ya watu ni yeye na wanaume. Moja wako sita, yeye na watano kwa hema moja. Wamelaliana. Pastor aone hiyo?"

"Hiyo ni baridi, Dorcus."

"Baridi si kuna sweta."

Campus niliacha second year, lakini kurudisha faili najua. Nikajaribu mpaka chai ikapoa kando yangu. Wapi. Dorcus aliona nafasi imebaki, akajaza video za kwaya. Zimekalia zile zote alizofuta.

Anti akaingia. Ikabidi nieleze mimi.

Anti akacheka.

"Wewe Mathew. Juzi uliniambia ng'ombe amekula lensi."

"Anti, hii ni ukweli."

"Na yule balozi wa Nepal alikuwa kwa gate? Nikabadilisha nguo?"

"Hiyo ilikuwa prank. Hii sio."

"Dorcus, ni kweli?"

Dorcus akaanza kulia.

"Nilikuwa nakufichia aibu, Anti. Unajua vile watu wa hapa wanaongea."

Anti akakaa chini. Hakumgombeza. Aliuliza kitu moja tu.

"Hata ile ya hema?"

"Hiyo ndiyo nilianza nayo."

Anti akaangalia hard disk.

"Asubuhi yake tulipanda. Wawili walifunikwa na theluji, na hawajawahi kutolewa. Hiyo ndiyo ilikuwa picha yao ya mwisho."

Nilikuwa na hasira ya kupasuka, na sioni wa kumwagia. Dorcus analia. Voice note haina makosa. Hard disk inaimba kwaya.

Anti akanigeukia, sauti chini kabisa.

"Mathew, mtoto wangu... niambie ni prank yako."

Watu wangu, hiyo ndiyo siku ya kwanza nimetamani iwe.

Kabla ufichie mtu aibu, muulize kwanza kama ni aibu.