Sahihi Mbichi kwenye Faili la Arobaini na Moja

Wino ulikuwa haujakauka. Karani wa ofisi ya utafiti aliikuta fomu imelala mezani kwake asubuhi, ilhali mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo anao yeye. Chini kulikuwa na sahihi ya Profesa wa Maji. Profesa wa Maji alikuwa na miaka mitatu kaburini.

Chuoni walimwita karani huyo Wakili, kwa ubishi wake. Na mwaka huo alikuwa na cha kubishania: chuo kilikuwa kimepitisha sera ya sayansi huria, kwamba matokeo ya kila utafiti yawekwe kwenye hazina ya mtandaoni, asome yeyote. Faili lililofungiwa lingebaki limefungiwa iwapo tu mwenye utafiti angeleta fomu ya kuongeza mwaka, nayo ofisi ikaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA kabla ya saa kumi alasiri ya siku ya mwisho. Kwa faili la arobaini na moja, siku ya mwisho ilikuwa leo.

Faili hilo la Profesa lilihusu maji ya bomba ya mtaa wa kiwandani, na huko ndiko anakoishi dada yake Wakili.

"We mbishi," dada alikuwa akimwambia kila Jumapili, "wale wasomi wako walimchoma mwanangu kidole, wakampa biskuti na kadi namba kumi na saba, wakaenda zao. Mwaka wa nne huu. Mtoto anasahau hata jina la mwalimu wake. Damu yake ilisema nini?"

Wakili aliipeleka fomu kwa mkuu wa ofisi.

"Bosi, hii sahihi ni ya marehemu."

"Imejazwa yote?"

"Imejazwa, lakini..."

"Tarehe ipo? Basi gonga, binti. Mwaka jana ilikuja tukagonga, mwaka juzi tukagonga. Sisi tunapokea fomu, hatupokei watu."

"Kwa hiyo siku hizi kaburini nako kuna tarishi?"

Bosi alichungulia mlangoni, kisha akanong'ona. "Punguza sauti. Yule mzee alifuga jini la kulinda matokeo yake, wenzake wasimwibie. Akafa hajaliondoa zamuni. Lenyewe halina nguvu ya kufunga kitu, linangoja muhuri wetu tu. Ligongee litulie. Mimi nina watoto."

"Na wa mtaa wa kiwandani, hao ni kuku?"

Bosi aliinuka. Alichukua koti lake, akasema kichwa kinamuuma, akaondoka kabla ya saa nne.

Wakili aliutia muhuri kwenye mkoba wake, akafunga zipu, akaukalia mkoba.

Saa tisa na nusu wenzake walikwenda kunywa chai, na ukumbi ukanyamaza. Ndipo aliposikia, kutoka stoo ya mafaili, du, du, du, kama mtu anagonga muhuri juu ya mbao. Ikaja harufu ya bomba lenye kutu, ya maji yaliyolala, ya wino. Aliinua macho akakuta mtu amesimama kwenye dirisha la kaunta, amevaa suti ya Profesa, mikono ya koti ikichuruzika maji ambayo hayakulowesha chochote, na vidole vitano alivyoviweka juu ya fomu vilikuwa na urefu mmoja, vyote sawasawa, kama meno ya kitana.

"Binti, fomu imekamilika."

"Wewe si mwenye utafiti," Wakili alinong'ona.

"Nilikabidhiwa. Gonga."

Simu yake ikalia, akapokea bila kuyaondoa macho kaunta, akasikia sauti ya dada, laini, ikisema mdogo wangu, gonga tu, mtoto amepona. Na kwa kuwa dada yake hajawahi hata siku moja kumwita mdogo wangu, aliikata, na mkono wake wa kulia ukaanza kwenda wenyewe kwenye zipu ya mkoba, ukaifungua, ukaushika muhuri, ukauinua, naye akaukamata kwa mkono wa kushoto, akaung'ang'ania dakika baada ya dakika, akilia, akitukana, akihesabu kwa sauti namba moja tu, kumi na saba, kumi na saba, hadi saa ya ukutani ikafika kumi kamili.

Kaunta ilikuwa tupu. Kwenye kompyuta, faili lilikuwa wazi.

Mshiriki namba kumi na saba: madini ya risasi kwenye damu, mara sita ya kiwango cha hatari. Pembeni Profesa alikuwa ameandika: *Wasiambiwe hadi makala yangu itoke.* Makala haikutoka kamwe.

Alimpigia dada. "Usimpe tena maji ya bomba. Kesho asubuhi mpeleke hospitali."

"Walijua tangu lini?"

"Tangu wiki ile ya biskuti."

Kulikuwa na watoto wengine mia mbili na tisa kwenye orodha. Wakili aliitazama, akajiambia hao atawatangazia kesho. Akazima kompyuta, akaenda nyumbani na muhuri mkobani.

Kesho yake alisikia akiwa bado ngazini: du, du, du.

Bosi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Wakili, ameinama. Mbele yake kulikuwa na rundo la fomu, wino mbichi, za kufungia upya kila faili lililowahi kufunguliwa. La arobaini na moja alikuwa ameshalimaliza. Kwenye kompyuta orodha ya watoto haikuwepo tena.

"Bosi, unafanya nini?"

"Zimekamilika," alisema, bila kuinua kichwa.

Wakili alifungua mkoba. Muhuri ulikuwemo, mkavu.

Akautazama tena mkono wa Bosi ukipanda na kushuka. Haukushika kitu. Aligonga kwa ngumi tupu, vidole vyote vikiwa na urefu mmoja, na kila alipoinyanyua, neno lilibaki kwenye karatasi: IMEPOKELEWA.