Kamba ya Lami Shingoni mwa Dumu

Torleiv alikuwa ameikausha ile mashine ya boti kwa mikono yake mwenyewe. Alifuta silinda kwa kitambaa, akapuliza kila tundu kwa kompresa, akapaka oili nyepesi, akafunika kwa gazeti, akaenda kula. Asubuhi alipofunua gazeti alikuta silinda imejaa maji pomoni. Akachovya kidole, akaonja. Yalikuwa maji ya chumvi, tena vuguvugu.

Akatazama paa la banda la boti. Mvua haikunyesha wiki nzima, na hata ingenyesha, mvua haina chumvi. Akayamwaga nje, akajitia hamnazo, akaendelea na kazi.

Mashine ilikuwa ya Ingvald, mume wa kwanza wa Gunnvor, ambaye sasa ni mke wa Torleiv. Ilikaa miaka thelathini na mmoja juu ya boriti, imefunikwa kipande cha tanga, tangu boti ya Ingvald ilipookotwa kwenye miamba ng'ambo ya mlangobahari, mashine ikining'inia nyuma na mwenyewe hayumo. Hata mwili haukuonekana. Walipovuta kamba ya kuwashia, haikusogea. Injini ilikuwa imekamata, na kisiwa kizima kilijua sababu, kwa maana mashine za namna ile hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ukizipa petroli tupu zinajitafuna zenyewe. Ingvald alisahau oili. Jina likamganda. Mpaka leo mtu akisahau funguo, au chumvi kwenye supu ya samaki, huambiwa amefanya kiingvald.

Ragna, binti yake, alikuwa na miaka mitatu wakati huo. Utani ule aliukuta shuleni ukimsubiri. Na ndiye aliyeishusha mashine kutoka kwenye boriti kiangazi hiki.

"Nitengenezee, mzee," alimwambia Torleiv. Hakuwahi kumwita baba. "Jumapili ya waliozama navuka nayo mpaka kanisani, nikaweke maua kwenye jiwe lenye jina lake. Boti ileile, mashine ileile. Safari hii itafika."

"Nikununulie mpya, basi."

"Kwani una nini wewe? Unaogopa chuma?"

Torleiv hakuogopa chuma. Aliogopa kilichokuwa ndani. Alipoifungua aliikuta pistoni imechubuka ubavu mzima, ringi zimegandana na silinda, na hakuna hata doa la oili popote. Akakaa chini kwenye kreti, akalia kidogo, peke yake. Kisha akapeleka silinda mjini ikachongwe, akaagiza pistoni ya saizi kubwa iliyofuata.

Kisiwani pale dumu la petroli iliyochanganywa hufungwa kamba ya lami shingoni. Lisilo na kamba ni petroli tupu. Kila nyumba ina fundo lake, na fundo la Torleiv ni mizunguko mitatu na kitanzi kimoja. Oili hutangulia, ikipimwa kwa kikombe cha bati, petroli hufuata, kamba huja mwisho kabisa. Hata mlevi hakosei. Vuli ile, wakati yeye na Ingvald wakivua pamoja, Torleiv alitia petroli, akafunga kamba kwa sababu vidole vilikuwa bado havijafa ganzi kwa baridi, akajiambia oili ataitia baada ya kahawa. Aliporudi, dumu lilikuwa limeondoka na Ingvald. Chupa ya oili ilikuwa pale pale, imejaa. Jioni upepo ukabadilika. Torleiv hakumwambia mtu. Baadaye alimwoa Gunnvor, na alimpenda kweli, na hilo ndilo lililomfunga mdomo zaidi.

Siku aliyoifunga pistoni mpya, alikuta madumu yote bandani yamefungwa kamba. Kesho yake makopo ya rangi nayo yamefungwa, na chupa ya tapentaini, na birika la kahawa. Kamba zote zilikuwa mbichi, zinachuruzika maji ya bahari. Mizunguko mitatu na kitanzi kimoja. Akadhani anaanza kuchanganyikiwa, akadhani labda anazifunga mwenyewe bila kujua, mpaka akajinusa mikono kutafuta harufu ya lami asiipate.

Alhamisi mchana aliijaribu mashine kwenye pipa la maji safi, milango ya banda wazi, jua linawaka, Gunnvor anaanika mashuka mita thelathini tu kutoka pale. Iliwaka. Ikanguruma vizuri, moshi wa buluu ukatoka, na Torleiv akaanza kutabasamu, kisha akasikia mlio ukipanda juu, mkavu, kama wa kitu kinachokosa pumzi, na ikazima, na katika kimya kile akanusa petroli tupu na mwani uliooza, na maji ya pipa aliyoyachota kisimani kwa ndoo yake yakawa yanapanda na kushuka taratibu kama yanayotoa pumzi. Akageuka. Juu ya kreti lake alikaa mtu mwenye koti la mvua la njano, la mtindo ambao hauuzwi tena, maji yakimtoka mikononi na miguuni bila kukoma, na pale panapotakiwa kuwa uso palikuwa na fungu la mwani mweusi, na jua lililokuwa likiingia mlangoni liliangaza kila msumari wa kreti lakini halikumpa kivuli, naye akanyoosha mkono polepole, na kiganjani alishika kile kikombe cha bati cha kupimia oili, kitupu.

"Ingvald," Torleiv alinong'ona. "Niache. Nina mke."

Mwani ukasogea kidogo, kama mtu anayesikiliza. Kisha kreti likawa tupu, na sakafu ikabaki imelowa.

Jumamosi, wakati wa kahawa, Ragna aliweka mkono mezani. "Nani kanifunga hii nikiwa nimelala? Mzee, utani wako umeoza."

Kamba ya lami ilikuwa imemzunguka kifundo cha mkono, na fundo lilikataa kufunguka. Gunnvor akainama kuitazama, na rangi ikamtoka.

"Hilo fundo lako, Torleiv."

"Sijamgusa."

"Najua hujamgusa. Nimelala chumbani kwake, nimesikia maji yakidondoka nikaogopa kufumbua macho." Akashusha sauti. "Ni draug huyu. Mama alikuwa akituambia, aliyezama bila kaburi hurudi kudai alichonyimwa. Ingvald anadai nini kwetu? Anamtaka mtoto?"

Torleiv alikaribia kuungama. "Sijui," akasema.

Usiku huo yeye mwenyewe alichanganya petroli ya Ragna. Oili kwanza, kikombe kizima, akakiona kikimalizika, petroli baadaye, akatikisa, kamba mwisho. Alilirudia zoezi zima kwa sauti kama mtoto anayesoma alfabeti.

Jumapili Ragna alikuwa tayari ndani ya boti, maua yamefunikwa kitambaa. Torleiv akampokonya dumu, akafungua mfuniko, akanusa. Petroli tupu, kali, safi kama maji. Akapaka kidogo kiganjani. Ilikauka bila kuacha utelezi wowote.

Ndipo alipoelewa. Lile dumu lingechanganywa mara mia na petroli ikarudi kuwa tupu mara mia, mpaka aseme ukweli.

"Shuka," akamwambia Ragna. "Baba yako hakusahau oili. Dumu lilikuwa langu. Nilifunga kamba kabla ya kutia oili, nikaenda kunywa kahawa. Alilichukua kwa sababu aliliamini fundo langu."

Gunnvor alikuwa amesimama gatini. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

"Na ukanioa."

"Nikakuoa."

Hakumpiga wala hakulia. Aliingia bandani, akarudi na chupa ya oili na kile kikombe cha bati. Ragna akamwaga petroli ile yote kwenye pipa, akapima oili mwenyewe, akatia petroli nyingine kutoka bandani, akachanganya. Kamba hakufunga. Gunnvor akaingia botini, akayaangalia maji.

"Ingvald," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mke. "Hukusahau. Nimesikia, na wote watasikia leo kanisani. Mwachie mtoto."

Kamba ikamtoka Ragna mkononi, ikaanguka majini. Mashine ikawaka kwa mvuto wa kwanza.

"Nije?" Torleiv aliuliza.

Boti ikaondoka, na yeye akabaki gatini akisikiliza, akiihesabu miguno ya injini, mpaka wakafika katikati ya mlangobahari, pale pale, nayo haikuzima. Ikaendelea. Kengele za kanisa zikaanza kulia ng'ambo, na Torleiv akashukuru kwa moyo wake wote, kwa kuwa Ragna amefika.

Kisha akahisi baridi chini ya kola. Akapeleka mkono. Kamba ilikuwa imemzunguka shingo, mbichi, inanuka lami. Akalipapasa fundo kwa vidole: mizunguko mitatu na kitanzi kimoja. Alijaribu kulifungua kwa muda mrefu, na nyuma yake, kwenye mbao za gati, maji yalikuwa yanadondoka.