Daftari la Fundi wa Kariokor

Ilianza kwa maziwa. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, jua bado linachoma mabati ya vibanda vya mtaa wa Huruma, Winny alipoingia jikoni, akasimama wima kama skauti anayesubiri kukaguliwa, akamwambia mamake:

"Mama naomba maziwa,
Ya moto yasiyopowa,
Mkate sitachukuwa,
Tumbo haliniambiya."

Phelister alicheka. Winny alikuwa na miaka minane na mdomo wa makanga wa matatu. Siku nyingine yoyote angesema, "Mathe, kuna maziwa? Njaa itaniua," huku ameshafungua sufuria.

"Mambo ya babako hayo," Phelister akasema, akawasha jiko.

Sebuleni, Zedekiah Mukhwana aliinua kichwa. Yeye hakucheka. Alihesabu. Mizani nane, nane, nane, nane. Vina vitatu sawasawa na cha nne kikiegemea pembeni, kama utenzi unavyotaka. Moyo ukamruka kwa furaha, akachukua kalamu akauandika ubeti ule kabla haujapoa. Hilo lilikuwa kosa lake la pili. La kwanza alikuwa amelifanya siku tatu kabla.

Mchana Zedekiah alikuwa karani wa leseni katika ofisi moja ya kaunti, dirisha la nne, mahali ambapo mtu huambiwa aende dirisha la tano. Jioni alikuwa mshairi. Alikuwa pia katibu wa Baraza la Beti, kikundi cha simu chenye washairi mia mbili na kumi na watatu, na alikiendesha kama wizara. Picha za maua ya asubuhi njema zilikuwa marufuku. Kila Ijumaa alituma habari za fasihi: diwani mpya zilizotoka, mashindano yaliyotangazwa, washindi wa mashindano ambayo hakuna aliyesikia yakitangazwa, na tanzia. Vitabu vya mashairi vilipita mkono kwa mkono kutoka Kayole hadi Kariokor, kila kimoja na karatasi yake ya kusaini, kwa sababu katibu hakuamini kwamba mshairi anaweza kurudisha kitabu kwa mapenzi tu.

Tanzia ya mwisho ilikuwa ya Fundi Muse, mshona makubadhi wa Kariokor, mtu mpole aliyesoma kila kitu na asiyetuma kitu. Arubaini ilipopita, mjane wake, Bi Luul, alimwita Zedekiah aje achukue katoni mbili za vitabu awagawie wenzake.

"Vitabu gawa," alimwambia. "Hili daftari jeusi lichome. Usilifungue."

"Kwa nini usilichome wewe, mama?"

"Nimejaribu mara tatu. Mkono haukubali."

Zedekiah aliahidi. Lakini mtu aliyekaa serikalini miaka kumi na saba hajawahi kuona karatasi ikichomwa bila kamati, na mshairi aliyepewa daftari la marehemu akaambiwa asisome ni sawa na paka aliyeachiwa samaki akaambiwa alinde. Usiku huohuo alilisoma lote. Lilikuwa utenzi mmoja wa beti tisini na tisa, mzuri kiasi cha kumtia wivu, juu ya mgeni anayezunguka mji mzima akitafuta pa kulala. Nao haukuwa na mwisho. Mshairi wa Kiswahili hufunga utungo kwa ubeti wa kaditama, akataja jina lake na anakokaa, ili shairi lijulikane ni la nani. Hapa palikuwa na nafasi tupu, mistari minne iliyochorwa kwa rula, ikisubiri.

Fomu isiyotiwa saini ilimwasha Zedekiah kuliko upele. Alijiambia anamheshimu marehemu. Akatia kalamu:

"Tamati sasa nakoma,
Zedekia wa Huruma,
Mlango wa nne nyuma,
Karibu ukitujiya."

Akautuma Barazani wote, beti mia moja. Watu wakapiga makofi ya vidole.

Kesho yake alasiri ukuta wa sebule ulianza kugongwa. Haikuwa nyundo ya jirani anayepigilia msumari. Ilikuwa nyundo ndogo ya fundi viatu: mara nane, kimya, mara nane, kimya. Nyumba ikanuka gundi ya soli na ngozi mbichi. Musau, mtunzaji wa ploti ile ya vyumba vya kupanga, alipanda na barua yenye muhuri: mpangaji wa mlango wa nne aache kufanya kazi ya ufundi katika makazi ya familia, la sivyo hatua zitachukuliwa. Alipoambiwa hakuna anayegonga, alisikiliza kidogo, nane, kimya, nane, kisha akasema barua imeshasajiliwa na haiwezi kurudi, akashuka ngazi mbilimbili.

Siku ya tatu Winny akaomba maziwa.

Baada ya hapo hakusema tena neno lililosimama peke yake. Aliomba sabuni kwa beti, alikataa ugali kwa beti. Mwalimu wake alituma ujumbe wa pongezi. Zedekiah aliandika kila ubeti na kuupa nambari, na jioni alichagua tatu nne akazituma Barazani: *Chipukizi wa miaka minane, binti wa katibu wenu.* Sifa zilimiminika. Munyoki wa Kayole, ambaye hajawahi kumsifu mtu aliye hai, aliandika kwamba sasa anaweza kufa. Zedekiah alilala akitabasamu, ilhali chumba cha pili mtoto wake alikuwa amelala macho wazi, midomo ikicheza, kama mtu anayepima viatu kabla ya kununua.

Phelister ndiye aliyeona kwanza. Aliona kwamba Winny amekonda. Aliona kwamba akitaka kumwita, mtoto husita, hutafuta, kisha husema "mwenye nyumba." Akawaita akina mama wa kanisa. Walisali saa mbili wamemzunguka, naye akawaitikia kwa beti laini zilizofuata pambio lao hatua kwa hatua, hata mama mmoja akauliza kwa heshima kama ana nyingine ya Pasaka.

Walipoondoka, Phelister alifunga mlango, akamshika Winny mabega.

"Winny. Mimi ni nani?"

Mtoto alimtazama kwa adabu. Kisha akageuza shingo, mwili ukibaki pale pale, akamtazama babake, na sauti iliyotoka ilikuwa yake ila ilikuwa imekaa vibaya, kama kiatu cha kulia kwenye mguu wa kushoto:

"Baba kalamu inuwa,
Andika nikitongowa,
Huyu nimeshamtowa,
Kinywa chake ndiyo njiya."

Na mkono wa Zedekiah, Mungu amsamehe, ulikuwa tayari unaandika.

Phelister aliliona daftari la mumewe. Alilipokonya, akasoma nambari ya mwisho. Tisini na moja.

"Umeandika," akasema polepole. "Baba Winny. Mtoto anapotea, na wewe unaandika."

"Nilidhani ni kipaji, Mama Winny."

"Kipaji gani kinasahau mama?"

Zedekiah alimpigia simu Bi Luul.

Bi Luul alifika alasiri ya Jumamosi iliyofuata, akipanda ngazi na kupumzika kila kona. Mlangoni alisimama, akavuta hewa, akafunga macho.

"Hiyo ni gundi ya Muse," akasema. "Hukulichoma."

"Hapana, mama."

"Ukalitilia jina?"

"Na mlango," akanong'ona.

Mwanamke yule alikaa kwenye kochi. "Mimi si mganga," akasema. "Mimi ni mjane niliyekaa na kitu hicho miaka ishirini, nikijua kinapenda nini na kinaogopa nini. Hutunga chenyewe. Muse alikuwa akishika kalamu tu. Kila mwaka kilimbembeleza atie jina, naye akakataa, ndiyo maana tulikuwa na amani, amani ya kugongewa ukuta. Mjombake, kabla yake, alitia. Alikuwa na binti. Kilisema kwa mdomo wa binti beti mia, na wa mia ulipoisha kikabaki humo. Yuko hai mpaka leo. Anasema vizuri sana. Hakuna kwao anayemjua."

"Ni ngapi sasa?" Phelister akauliza, bila kumtazama mumewe.

"Tisini na sita," akasema Zedekiah.

Chumba cha pili, nyundo ikaanza.

"Mfunge mdomo, binti yangu," Bi Luul akasema, na Phelister alikuwa ameshakimbia. Alimkuta Winny amekaa kitandani, mgongo wima, akampakata na kumbana kiganja mdomoni.

"Kinafukuzwaje?" Zedekiah akauliza.

"Hakifukuzwi. Kilikaribishwa kwa kaditama, kitahamishwa kwa kaditama. Andika ubeti mwingine, uusome mbele yake. Taja pa kukipeleka. Usipotaja, kitabaki kilipo."

Uhamisho. Hilo Zedekiah alilijua. Ofisini kwao watu walihamishwa kila mwezi, wengine hata baada ya kufa. Alishika kalamu. Nikipeleke wapi? Mto Mathare? Watu wanafua humo, watoto wanaoga. Chumba cha jirani aliyehama? Ameshaingia mpangaji mwingine, tena na mapacha. Uwanja wa mpira, jalala, paa la ploti lenye kamba za nguo, chumba cha mita za stima ambamo Musau hulala akiwa amegombana na mkewe: alipita mtaa mzima kichwani, nyumba kwa nyumba, na kila mahali palikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na mtoto, au alikuwa mtoto wa mtu.

"Baba Winny!"

Chini ya kiganja cha Phelister midomo ilikuwa ikitembea. Sauti haikupita puani wala kinywani. Ilipita kwenye mifupa ya mkono wa mama, ikapanda begani mwake, na Phelister akajisikia yeye mwenyewe akiisema, nane, nane, nane, nane, ubeti wa tisini na saba, machozi yakimtiririka, huku harufu ya ngozi mbichi ikijaa chumba kama maji yanavyojaa pipa, na ukuta ukijibu nyundo kwa nyundo, na Bi Luul akisoma aya chini chini bila kupumua, na ubeti wa tisini na nane ukaisha ndani ya ule wa tisini na saba bila hata kituo, na jua la saa kumi likiwa limesimama dirishani jeupe, halisogei, kana kwamba nalo lilikuwa limeambiwa lisubiri mtu amalize kuandika.

"Tisini na tisa!" Phelister akalia.

Zedekiah hakufikiri. Kama angefikiri angetafuta kina kizuri zaidi. Alipiga magoti mbele ya mtoto wake, akamwondoa Phelister mkono, na midomo midogo ikifunguka kwa ubeti wa mia, yeye akawahi:

"Toka kwa mwana, ondoka,
Jina lake hukushika,
Kwangu ndiko ulifika,
Kifuani nakutiya."

Nyundo ilinyamaza katikati ya hesabu, kwenye tano. Kitu baridi kilimgusa Zedekiah mdomo wa chini, kikaupima, kikaingia bila haraka, kama mtu mwenye barua ya kuajiriwa. Kikashuka. Kikavuta kiti.

Harufu ikaisha. Kutoka chini ukapanda mlio wa redio, ugomvi wa wauza mboga, na mtoto wa mtu akilia kwa sababu za kawaida.

Winny alipepesa macho. Alimtazama mamake usoni.

"Mathe," akasema, "mbona unalia? Na huyu shosho ni nani? Aki mi nasikia njaa vibaya, kuna chapo ama ni hii sukuma yenu ya kila siku?"

Maneno hayo hayakuwa na mizani hata kidogo. Phelister alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Bi Luul aliinuka, akamtazama Zedekiah usoni, na yeye, aliyeishi nacho miaka ishirini, akaelewa kilikoingia. Alimwekea mkono kichwani kama mtu anayemwekea mwanawe.

"Muse alikuwa akitafuna karafuu kila kilipombembeleza," alimwambia chini chini. "Husaidia siku za kwanza."

Jumatatu ofisini waligundua kwamba karani wa dirisha la nne hajibu maswali. Anaonyesha kidole kuelekea la tano. Hakuna aliyelalamika, mkuu wa idara aliandika kwenye faili kwamba huduma imeharakishwa. Barazani habari za fasihi hazikutoka Ijumaa hiyo, wala iliyofuata, na Munyoki aliuliza mara mbili kama katibu ni mgonjwa au amejiuzulu, ili nafasi itangazwe.

Jioni moja Winny alijitupa kwenye kochi kando yake, akaweka miguu michafu juu ya diwani ya mtu.

"Baba, leo nimepigana na Frankline na nikamshinda. Hutaki kujua?"

Zedekiah akaitikia kwa kichwa kwamba anataka.

"Basi niulize. Aki, wiki mbili sasa hujaniongelesha. Umenikasirikia? Sema hata kitu kimoja. Sema tu Winny."

Alimvuta kifuani, akamshika nywele, na akayabana meno kwa nguvu zake zote. Lile jina alikuwa nalo, alilitaka kuliko hewa. Lakini nyuma ya meno mstari mzima ulikuwa umeshapangwa, mizani nane, na jina la mtoto likiwa la mwisho, mahali pa kina, kama katika kaditama. Na haukuwa wake.