Breki ya Mwalimu

Kituo cha mafuta kilikuwa kimefurika magari, na katikati ya honi zote hizo alisimama fundi cherehani mmoja, dumu mkononi, gauni la bluu limemkaa sawasawa, pini za kushonea bado zimechomekwa kwenye kola. Muuza mafuta alimwuliza anataka petroli au dizeli. Akalitazama dumu kana kwamba lingemjibia.

"Kwani dada, gari lako linakunywa nini?" Aliyeuliza ni mwanamume wa shati jeupe, ameegemea gari la shule ya udereva.

"Ningejua, kaka, ningesimama hapa kuchekwa?"

Akamwambia akasome nyuma ya kifuniko cha tangi. Hata tangi liko upande gani, maskini, hakujua. Gari lilikuwa la marehemu baba yake, limelala uani miaka. Mama yake naye figo zilikuwa zimechoka, kila baada ya siku moja lazima afike hospitali kusafishwa damu, na magari ya kukodi yalikuja yalipopenda. Binti alikuwa ameapa kumwendesha mama yake mwenyewe.

Basi yule wa shati jeupe, mwalimu wa udereva, akajitolea kumfundisha, na mapenzi yakaingia kabla gia ya pili haijaingia. Simu hazikukauka. Alimpigia kuuliza taa nyekundu ya dashibodi inataka nini, upepo wa matairi unapimwa lini, na ramani ya simu ikisema kata kushoto huku kibao kinakataza, amtii nani.

"Tii kibao, Bi Dumu wangu. Ramani haijui kufa."

Mkanda alimfungia mwenyewe, tena bila haraka, na binti hakuwa na haraka vilevile.

Siku ya mtihani mtahini alikaa nyuma. Mwalimu alikaa mbele, bega kwa bega na mwanafunzi wake, penye ile breki ya pili ambayo magari ya kufundishia huwa nayo. Binti aliendesha vizuri mpaka kwenye makutano. Pale katikati gari likasimama ghafla, likazima, honi zikamzomea. Amefeli, akasema mtahini, arudi baada ya miezi miwili. Alilia njia nzima huku mwalimu akimfuta machozi na kumwambia mguu wake una wasiwasi tu, watauzoeza.

Kabla miezi hiyo haijaisha mvua kubwa ikanyesha juma zima. Magari ya kukodi hayakuja. Mama akakosa kusafishwa damu mara mbili, pumzi zikambana, akafia sebuleni amevaa viatu vya safari, mkoba mapajani. Uani gari lilikuwa na tangi limejaa, na binti hana leseni ya kulitoa.

Msiba ulipokwisha, binti hakutaka hata kuliona lile gari. Aliupiga mguu wake ngumi, akisema mguu huu ndio uliomuua mama. Mwalimu alivumilia, akavumilia, mwisho uzalendo ukamshinda.

"Si mguu wako," akasema. "Breki nilikanyaga mimi. Niliona ukipata leseni hutanihitaji tena. Nilitaka miezi miwili tu zaidi na wewe, mpenzi."

Binti akaacha kuupiga mguu. Kisha akamwuliza kwa upole kesho wataanza somo saa ngapi. Na yule mjinga akaenda kulala usingizi mnono, akijua amesamehewa.

Wakaendelea kufundishana. Binti alicheka kwenye vichekesho na kupokea simu zote, ila neno "mpenzi" halikumtoka tena mdomoni. Siku ya mtihani wa pili akamtaka mwalimu akunje miguu juu ya kiti, mbele ya mtahini. Akakunja, mtu mzima na suruali yake iliyopigwa pasi. Binti akafaulu.

Jioni hiyo mwalimu alipanda gari la baba mtu, shati jipya, manukato ya kukata na shoka, akatoa pete na kumwomba waoane.

"Fungua mkanda," binti akamwambia.

Akafungua upesi, mikono tayari, akidhani anakumbatiwa.

"Sasa teremka, mwalimu. Nilikuwa nataka leseni."

"Lakini nilikwambia ukweli mwenyewe. Hukuniuliza."

"Ulinambia, na nakushukuru. Ungenyamaza, ningeolewa na wewe huku nauchukia mguu wangu mpaka naingia kaburini. Teremka. Naenda kwa mama, na huko wewe siwezi kukupeleka."

Akateremka, pete kiganjani. Binti akatazama kioo, akawasha indiketa, akaondoka taratibu kuelekea makaburini, sawasawa kama alivyofundishwa.