Skuta Isiyokunywa Mafuta

Siku ya kumi tangu ainunue skuta, mshale wa petroli ulikuwa bado umesimama pale juu, kama tangi limejazwa leo, na Mrunal badala ya kuogopa akafurahi. Watu wengine ndivyo walivyo: ajabu ikiwa upande wao huiita bahati.

Skuta yake ya kwanza ilimzimikia mara nne kwenye mvua za Pune, na bosi alikwishamwambia, ukichelewa tena kaa nyumbani. Kwa hiyo akaenda kununua nyingine mwanzoni mwa zile siku kumi na tano ambazo Wahindu huwalisha wafu wao, siku ambazo mtu mwenye akili hanunui hata sufuria.

"Subiri ziishe, mwana wa watu," mama mkwe alimwambia mlangoni.

"Mama, bosi hasubiri."

Dukani alikuwa mteja peke yake. "Lita moja inanifikisha wapi?"

"Dada, hii haili. Inaonja tu," alisema muuzaji, macho chini. "Mwenye nayo wa kwanza hakuchelewa kazini hata siku moja. Isipokuwa ile ya mwisho."

"Alichelewa?"

"Hakufika."

Mrunal alisikia vizuri sana, akajifanya kiziwi. Hakuvunja nazi, hakuyapitisha magurudumu juu ya ndimu. Kuhani gani angebariki chombo kipya siku hizo? Aliiwasha akaondoka.

Kila asubuhi alimpakia binti yake, Ketaki, wa miaka kumi na tatu, akamshusha shuleni. Skuta haikukohoa. Aliyekohoa ni Ketaki. Sketi ilimlegea akaibana kwa pini, kesho yake pini mbili, na daktari hakuona ugonjwa.

Siku ile ya kumi, kwenye taa nyekundu, mtoto alinong'ona, "Mama, mwambie asogee."

"Nani?"

"Huyu aliyekaa kati yetu. Mikono yake ya baridi."

Mrunal hakugeuka, maana pua yake ilikuwa imeshanasa harufu ya mafuta ya nywele na maua ya asumini yaliyooza kwenye maji, na kiti kilikuwa kinazama taratibu nyuma yake kama mtu anavyojikalisha vizuri kwa safari ndefu, na mgongoni alihisi kifua kimemwegemea, kifua kisichopumua.

"Nilikwambia!" alifoka mama mkwe walipofika nyumbani.

"Mama, nisute baadaye."

"Nitakusuta sasa, na baadaye pia."

Skuta ikafungiwa uani, lakini Ketaki akazidi kukonda akiwa kitandani. Siku ya mwisho ya zile kumi na tano, ambayo ni ya wafu wasio na wa kuwakumbuka, mama mkwe aliweka donge la wali juu ya ukuta wa ua. Kunguru akila, marehemu ameridhika. Akikataa, ana haja, na walio hai huahidi na kuahidi mpaka adonoe.

Kunguru walijipanga ukuta mzima. Hakuna aliyegusa.

"Tutakulisha," alisema mama mkwe. Wali haukuguswa. "Tutakupa sari." Haukuguswa. "Basi tutaichoma hiyo skuta!"

Ndani Ketaki alipiga ukelele, kisha akaanza kukoroma kama mtu anayekabwa, na pale uani, mchana kweupe, kiti cha skuta kikabonyea.

Mrunal alipiga magoti. "Nitakufikisha kazini. Mimi mwenyewe. Muache mwanangu!"

Kunguru mmoja akaruka, akadonoa.

"Mjinga wewe," mama mkwe alinong'ona. "Hukutaja siku ngapi."

Jioni ile Ketaki alikula chapati sita. Jumatatu akapanda basi la shule, na Mrunal akaondoka peke yake, ikiwa ni peke yake. Usukani ulikata kona wenyewe hadi kwenye geti la kiwanda kilichokufa zamani, majani yamefika kiunoni. Pale uzito ukashuka. Harufu ikaondoka. Mrunal akalia kwa kicheko, na kazini akawahi.

Saa kumi na moja alipotoka kazini, mlinzi wa getini alimsimamisha.

"Mama, mwenzako anakungoja kwenye skuta. Nimemwambia akae kivulini, hataki kushuka. Anasema atakwenda nawe nyumbani."