Meno ya Rubani

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya watu wa kawaida kabisa. Mume alikuwa seremala, karakana yake uani. Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake barazani. Jumamosi ile asubuhi ungepita pale ungewaonea wivu: randa inateleza juu ya ubao, maranda yanaanguka, na chai mezani bado ya moto.

Ila ungetega sikio vizuri ungesikia kitu cha tatu, ambacho hakikunyamaza tangu alfajiri. Rubani, mbwa wa kulinda mbao, alikuwa amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya chuma. Alizunguka, akalala, akainuka, akazunguka tena, akaushika mnyororo kwa meno na kuutafuna. Mshonaji alikwisha kukatikiwa na uzi mara tatu kwenye pindo moja. Saa nne daktari wa mifugo angekuja kumdunga Rubani sindano ya kumlaza asiamke tena, na si mbwa peke yake aliyemkosesha mama huyu utulivu.

Nirudi nyuma kidogo. Miaka miwili kabla ya hapo, kaka yake mshonaji, dereva wa lori, alihamia chumba cha ghorofani ambako wanyama hawakuruhusiwa. Akamleta Rubani kwa shemeji yake, zawadi, akasema ana mwaka mmoja na kitu. Seremala alifurahi, akamfunga siku hiyohiyo kwa sababu alikuwa akiwarukia wateja. Alisema atamfungua akishazoea. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Kazi zilikuwa nyingi, nanyi mnaijua kesho ya mtu mwenye kazi nyingi.

Ulipofika mwaka na nusu tangu aletwe, Rubani alianza kuacha chakula kigumu. Seremala akampanua mdomo, kwani alikuwa na ujuzi aliojivunia: marehemu baba yake alimfundisha kusoma umri wa mbwa menoni. Meno ya mbele yakiwa na ncha, mbwa ni kijana. Yakilika yakawa bapa, ni mzee. Ya Rubani yalikuwa bapa kabisa. Hakuangalia zaidi ya hapo. Akatangaza kwamba mbwa ana miaka kumi, na kwamba shemeji yake alimtupia kikongwe huku akimwita kijana.

Angeyasema chumbani, yangeisha. Yeye alipiga simu akiwa karakanani, mbele ya wateja wawili, akamwita shemeji yake mwongo. Dereva akajibu kwamba hatakanyaga tena ua ule, akakata. Miezi mitano dada na kaka hawakuonana. Kila mara mke alipomtetea ndugu yake, mume alimwonyesha meno ya Rubani. Kibaya zaidi, kuna siku mke mwenyewe aliamini kwamba kaka yake alidanganya. Alijichukia kwa hilo. Mwishowe mume akaamua kwamba mzee huyo asiyekula vizuri apumzishwe. Na sasa Rubani akizikwa kama mzee, kaka yake atabaki mwongo maisha yake yote.

Daktari alifika kwa wakati, mama wa makamo aliyevaa viatu vya mpira. Akauliza mbwa ana umri gani.

“Kumi, kama hajazidi,” seremala akasema. “Tazama meno.”

Daktari akachuchumaa, akatazama meno ya mbele. Kisha akafanya ambalo seremala hakulifanya: akavuta shavu la mbwa akatazama magego. Akamulika macho kwa kurunzi. Akapapasa chonge kwa kidole, upande wa nyuma. Alikawia hata mshonaji akaacha cherehani, akasogea na kitambaa chake mkononi.

“Magego meupe, ncha zote zipo,” daktari akasema. “Macho maangavu. Mbwa wa miaka kumi huwa ameshaanza kuwa na ukungu machoni. Sasa shika hapa nyuma ya chonge. Pamechimbika, pana rangi ya chuma. Uzee hauli jino upande huu.” Akanyanyua mnyororo. Pete zake za katikati zilikuwa zimesuguliwa mpaka zikang'aa. “Huyu ana miaka mitatu na kitu. Meno yake hayakuliwa na miaka, fundi. Yameliwa na huu.”

Hakuufungua mkoba wa sindano. Aliacha dawa ya maumivu, akaagiza mbwa apewe chakula laini na afunguliwe siku hiyohiyo.

Mshonaji alishukuru Mungu, halafu hasira zikampanda. Mteja mmoja alikuwa amekaa pale akingoja kiti chake.

“Mpigie kaka,” alimwambia mumewe.

“Jioni.”

“Sasa hivi. Mbele ya mteja, kama ulivyomtukana.”

Seremala akafuta vumbi mikononi, akapiga.

“Shemeji,” akasema. “Ulinipa kijana. Mimi ndiye niliyemzeesha.”

Dereva akasema anakuja.

Walimfungua Rubani. Akatembea hadi pale mnyororo ulipokuwa ukiishia, akasimama. Miaka miwili ya kuzunguka ilikuwa imechora duara ardhini, naye hakuuvuka mstari wake. Seremala alimwita kwa kipande cha nyama. Mbwa alitetemeka, akarudi nguzoni.

Dereva alipofika alibaki nje ya lango, maana alikwisha kula kiapo. Alimwita Rubani kwa mluzi wa zamani. Masikio yakasimama, mkia ukapiga, mbwa akakimbia hadi kwenye mstari, akalia hapo hapo. Dereva aliutazama ule mduara kwa muda. Kisha akaingia uani, akaingia duarani, akapiga magoti, na Rubani akamlazia mdomo wake butu kiganjani.

“Dada,” akasema bila kugeuka, “mletee maji.”

Siku ile Rubani hakutoka duarani. Ilimchukua siku tisa.

Funzo

Ndugu zangu, ukimwona kiumbe wa nyumbani mwako amechakaa, usikimbilie kuhesabu miaka yake wala kumsaka aliyekudanganya. Tazama kwanza umemfunga wapi na tangu lini. Seremala alijua ishara moja akadhani anajua zote, na kwa ishara hiyo nusura azike mbwa na undugu siku moja. Kama leo kuna uliyeahidi kumfungua kesho, inuka ukamfungue.